Ukuta wa Buhendwa Uliovuka Mpaka

Ukitaka kumuudhi Muzee Buhendwa, mwambie ukuta ni ukuta tu. Ataweka chini kikombe chake cha chai, atakutazama kwa huruma kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa, kisha atakushika mkono akupeleke kwenye uzio wowote wa mawe meusi ulio karibu, na hapo utasimama mpaka miguu ife ganzi. Atakuonyesha jiwe lililolazwa vizuri na jiwe lililosukumwa tu liingie. Atakuonyesha hata mahali ambapo fundi aliona njaa akaharakisha simenti. Mkewe, Mama Nshobole, huwaonya wageni mapema: "Musimuulize ya mawe. Mutachelewa kurudi kwenu."

Ana miaka sitini na minane, na arobaini kati ya hiyo ameimaliza akipasua na kupanga mawe ya volkano katika mji wa Goma. Alizaliwa upande wa Bukavu, kule Walungu, ambako ardhi ni nyekundu na watu hujenga kwa tofali. Alipofika Goma kijana na kukuta mji mzima umekaa juu ya mwamba mweusi, alisema moyoni kwamba hapa kazi haitaisha. Haikuisha. Volkano iliposhuka mwaka elfu mbili na mbili ikameza katikati ya mji, nyumba yake ya mbao ikiwa humo humo, alilia siku tatu. Siku ya nne alichukua nyundo akaanza kupasua ule ule mwamba uliomfukuza. Ulikuwa bado una joto.

Kati ya kuta zote alizojenga, anaoupenda zaidi uko Kyeshero, hapo hapo Goma, karibu na ziwa, kwenye nyumba ya mfanyabiashara wa vitenge aitwaye Mama Joviale. Aliujenga mwaka uliofuata volkano. Binti yake wa pekee, Aurélie, alikuwa na miaka tisa, na kila siku baada ya masomo alimpelekea baba yake chakula kazini kisha akagoma kurudi nyumbani. Mwaka huo walikuwa wametoka kumzika nyanya yake kule Walungu, na mtoto alikuwa ameokota jiwe jeupe, ukubwa wa ngumi, kwenye mto uliopita nyuma ya nyumba ya marehemu. Alikuwa amelibeba mapajani ndani ya boti kutoka Bukavu mpaka Goma, limefungwa kwenye kitambaa, na hakumruhusu mtu amsaidie. Sasa siku moja, akimtazama baba yake akipanga mawe, akamwambia, "Papa, na hili jiwe linatafuta kazi."

Buhendwa hakuwa mtu wa kuacha watu waguse mstari wake. Lakini siku hiyo alipaka simenti, akaacha nafasi, na mtoto akalisukuma jiwe lake kwa mikono miwili, upande wa kushoto wa geti, kimo cha kifua chake. Jiwe moja jeupe katika ukuta mweusi wote. Mama Joviale alipokuja kulalamika kwamba ukuta wake umeota jino, aliambiwa hiyo ni saini ya fundi, na fundi halipishi saini.

Aurélie aliondoka Goma akiwa na miaka kumi na tisa, kwa njia ambazo wazazi wake hawapendi kuzisimulia. Akafika Ubelgiji, akapewa karatasi za ukimbizi. Karatasi hizo zinamruhusu mwenye nazo kwenda karibu kila nchi duniani isipokuwa ile aliyozaliwa, na mweleze hilo mzazi akuelewe ukiweza. Miaka kumi na miwili wakawa wanaonana kwenye simu. Huko alijifunza kazi ya kutunza wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwasindikiza bustanini. Mama Nshobole huisifia kazi hiyo mbele ya majirani, na akiwa peke yake jikoni inamuuma, maana wazee wanaotunzwa ni wa watu wengine. Huko huko Aurélie akamzaa Fabiola, ambaye sasa ana miaka minne, na ambaye alimjua babu yake kama sura inayoganda kila mtandao unapozidiwa.

Mwaka huu Aurélie akapata wazo. Gisenyi si Congo, ni Rwanda; lakini kutoka Birere, mtaa wa Goma ulio mpakani, unaingia Gisenyi kwa miguu, wauza nyanya wanavuka asubuhi na kurudi mchana wakiwa na beseni tupu. Yeye angeshukia Kigali kwa ndege, akodi nyumba Gisenyi kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, na wazazi wake wavuke kwa jeton, ile karatasi ndogo ya kupitia mpakani, kila asubuhi. Siku mbili tu, kwa sababu kongé yake, likizo ya kazini, ilikuwa fupi na Jumatatu ndege ingemsubiri. Buhendwa alipoambiwa alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba, na mkewe akamwacha huko mpaka amalize kulia.

Wiki tatu kabla ya safari zikaja picha. Aurélie alikuwa ameipata nyumba kwenye mtandao mmoja wa kukodisha nyumba za likizo, na tangazo lenyewe lilikuwa tamu kama maneno ya mchumba: nyumba pembezoni mwa ziwa, Gisenyi, bustani kubwa, yote chini bila ngazi, utulivu, intaneti ya kasi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wahenga hawakuwa na mtoto ng'ambo. Picha ya kwanza ilikuwa ya kitanda. Ya pili ilikuwa ya sahani ya matunda. Ya tatu ilikuwa ya geti na kipande cha ukuta, na Buhendwa alipoifikia hiyo alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

Aliipanua picha kwa vidole viwili. Aliona simenti nyembamba kati ya mawe, nyembamba kuliko wafanyavyo mafundi wengine, maana yeye husema simenti nyingi ni kujificha. Aliona mawe makubwa chini, ya kati juu yake, na madogo ya kufungia. Akasogeza picha kushoto. Jiwe jeupe lilikuwa pale pale, kimo cha kifua cha mtoto wa miaka tisa.

Jioni hiyo Aurélie akapiga simu.

"Papa, uliona picha?"

"Niliiona."

"Uliiona muzuri?" Alikuwa anacheka, cheko la mtu anayeficha kitu mgongoni. "Nyumba zilikuwa mingi, Papa, lakini ni ile njo ilinivuta. Sisemi zaidi. Siku ile utaona wewe mwenyewe."

Na kweli hakusema zaidi, kwa kuwa alitaka kuiona sura ya baba yake atakaposimama mbele ya ukuta wake mwenyewe. Buhendwa naye hakuuliza zaidi, kwa kuwa alidhani ameelewa. Simu ilipokatika alimgeukia mkewe, sauti ameishusha kana kwamba majirani wamebandika masikio ukutani.

"Mama Aurélie, mutoto anakuja Goma."

"Anakuja Gisenyi."

"Kwa mudomo amesema Gisenyi. Na karatasi zake zile, unataka aseme nini kwa simu? Lakini ametutumia ukuta wa Kyeshero. Jiwe lake liko pale. Anatuambia kwa jiwe."

"Papa Aurélie, kwa tangazo wameandika Gisenyi."

"Mutu anaweza kuandika kile anataka. Ukuta hauandikwe, ukuta unajengwa. Na ule niliujenga mimi."

Mama Nshobole alibisha siku mbili, kisha akaacha. Miaka arobaini ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba juu ya mambo ya mawe mumewe hakuwahi kukosea. Na isitoshe, naye alitaka iwe kweli. Alitaka mtoto wake alale Goma, hata kama ni kwa siri, hata kama ni kwa siku mbili. Mtu akitaka jambo hivyo, huhitaji ushahidi mdogo sana.

Basi Jumamosi ile wakaamka na jogoo. Mama Nshobole alipika sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa ziwa, na sombe ya majani ya muhogo, akasonga bugali akaufunga kwa majani ubaki moto, akavaa kitenge kipya. Buhendwa alivaa koti la harusi za watu. Hawakuchukua kadi zao za utambulisho wala kwenda kutafuta jeton, kwa nini wachukue? Wakapanda moto-teksi mbili, zile pikipiki za abiria, kuelekea Kyeshero, sufuria mapajani, wakiupa mpaka mgongo.

Mlinzi wa nyumba ya Mama Joviale, Kamate, mtu wa Butembo mwenye maneno machache, alifungua kidirisha cha geti akawatazama na sufuria zao.

"Wageni kutoka Ulaya? Hapa? Muzee, hapa niko mimi na imbwa."

"Hawajafika bado," Buhendwa akasema. "Tutangojea."

Wakangoja. Kamate aliwatolea benchi, wakakaa nje chini ya ukuta, jiwe jeupe likiwa kati ya vichwa vyao. Kila gari lililopita Mama Nshobole alisimama akajinyoosha kitenge. Saa nne, saa tano, saa sita. Simu ya Aurélie ilikuwa haipatikani. Bugali ukapoa. Saa saba Mama Nshobole aliacha kusimama magari yakipita, na Buhendwa akaanza kumweleza Kamate namna ya kuchagua jiwe la kona, jambo ambalo hulifanya akiwa na hofu.

Simu ikalia saa tisa, namba ya Rwanda.

"Papa! Muko wapi? Tangu saa nne niko nawangojea!"

"Sisi njo tuko nakungojea. Tuko hapa ku ukuta."

"Ukuta gani? Papa, hapa ukuta hauko. Hapa kuko duka ya pneu za gari na bar." Sauti yake ilikuwa imekauka, sauti ya mtu aliyekwisha kulia kabla ya kupiga. "Nyumba ile ya picha hakuna. Wamenipatia chumba ku étage ya tatu. Intaneti nayo hakuna, njo maana sikuweza kupiga. Ni mama mumoja hapa, Umurerwa, mwenye kutunza funguo, amenipatia simu yake. Papa, uko Gisenyi wapi?"

Buhendwa aliweka kiganja juu ya jiwe jeupe. Lilikuwa limepata joto la jua.

"Niko Kyeshero, mwana wangu. Ukuta uko hapa. Haujaenda popote."

Kisha Aurélie akaanza kusema haraka haraka. Alipoliona jiwe lake kwenye picha, alisema, alishangaa. Katika kumbukumbu yake ukuta ule ulikuwa Goma. Lakini tangazo liliandika Gisenyi, na yeye alikuwa na miaka tisa tu, na mwaka ule wa volkano walilala Gisenyi miezi mingi, na baba yake alikuwa akifanya kazi pande zote mbili. Akajiambia kwamba labda ni yeye aliyesahau. "Walikuwa wameandika, Papa. Nikasema, mimi nilikuwa mutoto, wao njo wanajua."

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Mtu fulani, asiyejulikana jina wala uso, aliona picha nzuri mahali fulani akazibandika juu ya chumba kibaya. Katika dunia nzima walikuwako watu wawili tu ambao ukuta ule ungeweza kuwaambia neno, na ukawaambia wote wawili: mmoja akaamini maandishi, mwingine akaamini jiwe, na siku ikapita kati yao.

"Tunakuja sasa hii," Buhendwa alisema, tayari amesimama.

Lakini siku zile mpaka ulikuwa unafungwa mapema, kutoka Kyeshero hadi Petite Barrière, kivuko cha kuingilia Gisenyi, ni safari ya kuvuka mji wote, na kadi zao zilikuwa nyumbani ndani ya Biblia. Kamate alitazama jua akatikisa kichwa. Mama Nshobole alichukua simu kutoka mkononi mwa mumewe.

"Aurélie, mama. Usilie. Kesho asubuhi kabla barrière haijafunguliwa mimi niko pale. Juu ya misa Mungu atanisamehe, ni Yeye alinipatia mutoto. Umekula?"

Alipokata simu hakumgombeza mumewe. Afadhali angemgombeza. Aliketi tena kwenye benchi akaanza kufungua sufuria, akamgawia Kamate sambaza, kwa sababu chakula kilichopikwa kwa ajili ya wageni hakirudi nyumbani. Buhendwa alikuwa amesimama akiutazama ukuta wake kwa hasira, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili. Siku moja kati ya mbili. Nusu. Yeye na kiburi chake cha mawe wameila nusu ya mtoto wao.

"Nisamehe, Mama Aurélie," akasema.

"Kula kwanza," akajibu mkewe, na sauti yake ilikuwa laini.

Hakula. Alizunguka, akasimama, akazunguka tena, kisha akamwomba Kamate amtafutie Mama Joviale kwenye simu. Mama Joviale alikuwa Birere dukani, kelele zimemzunguka. Kwanza hakuelewa. Alipoelewa kwamba nyumba yake imekodishwa Gisenyi bila yeye kujua, alitoa maneno ambayo Kamate aliona vema kuyasikiliza akiwa ameangalia pembeni. Picha zile, alisema, aliziweka mwenyewe kwenye mtandao mwaka juzi, akitafuta shirika la kulipangishia nyumba.

"Sasa, Muzee, unataka nini? Nitafute huyo muizi?"

"Muizi aende. Mimi nataka jiwe. Lile jeupe."

"Lile jino?"

"Njo lile. Mutoto hawezi kuvuka kuja kuliona. Acha lenyewe livuke."

Kelele za Birere zikaendelea kidogo kwenye simu. Mama Joviale ni mwanamke wa biashara, na hakuna kitu kinachomkera kama kuombwa kitu bure. Lakini naye ana wana wawili ambao hajawaona tangu waende zao kusini.

"Toa," akasema. "Lakini kesho kutwa, lundi, nisikute tundu ku ukuta wangu."

Kamate alileta nyundo na patasi. Buhendwa alivua koti la harusi, akalikunja, akampa mkewe, akapiga magoti mbele ya kazi yake mwenyewe. Sasa ikaonekana alikuwa fundi wa namna gani, maana simenti ile aliichanganya kwa ajili ya mtoto wake, na hakuwa ameibania. Haikutaka kuachia. Alipiga taratibu, kidogo kidogo kuzunguka ukingo, akiogopa kulipasua. Jasho lilimtoka. Kamate alijitolea kumpokea akakataliwa. Mama Nshobole alikaa nyuma yake na koti magotini, na kila patasi ilipoteleza alivuta pumzi. Jua lilikuwa linagusa ziwa jiwe lilipotikisika kama jino kweli, na Buhendwa akalipokea kwa viganja viwili kabla halijaanguka.

Asubuhi ya Jumapili walikuwa wa tatu kwenye mstari wa Petite Barrière, nyuma ya wanawake wawili wenye beseni. Jeton mkononi, wakavuka. Aurélie alikuwa amesimama upande wa pili, amezidi unene, nywele amekata, mtoto amemkumbatia mguu. Mama Nshobole aliweka sufuria chini katikati ya njia, watu wakazikwepa, akamshika bintiye uso kwa mikono miwili kama mtu anayepima tikiti sokoni, akautazama, akautazama, kisha akamvuta kifuani na wote wawili wakapiga ukelele. Buhendwa alisubiri zamu yake. Ilipofika, Aurélie aliweka kichwa begani mwake, pale pale alipokuwa akikiweka zamani, baba akimbeba amelala kutoka kazini, na Buhendwa akasema tu, "Eeh. Eeh, mwana wangu." Fabiola aliwatazama wote kwa mashaka. Babu yule alikuwa hagandi wala hakatiki.

Chumba kilikuwa kama kilivyosemwa, na zaidi. Ngazi tatu ndefu, Mama Nshobole akizipanda kwa kuomba rozari, fumbo moja kila ghorofa. Bustani kubwa ilikuwa miche miwili ndani ya ndoo za rangi. Ziwa lilionekana, ndiyo, ukisimama juu ya beseni chooni na kugeuza shingo. Aurélie alikuwa anawaonyesha haya yote kwa sauti ya kuomba radhi, kama mwenye nyumba aliyevamiwa na wageni.

"Kule kazini, kila siku napeleka wazee ya watu ku bustani," akasema mwishowe. "Nawaweka ku jua. Nawafunika miguu. Nilitaka siku mbili tu niwaweke ninyi ku bustani. Na ukuta wako mbele. Siku mbili tu, na hata hiyo nilidanganywa."

Mama Nshobole alimkalisha kitandani akamshika mkono. Buhendwa hakuwa mtu wa maneno ila ya mawe. Alitia mkono ndani ya mfuko wa koti la harusi, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kitenge cha mkewe, akakiweka mapajani mwa binti yake. Kilikuwa kizito. Aurélie alijua kabla ya kufungua. Alifungua polepole, akaliona, bado lina simenti ya kijivu ukingoni, na akakaa akilitazama huku machozi yakidondoka juu yake.

"Ulibomoa ukuta, Papa?" aliuliza. "Wewe?"

"Sikubomoa. Nililiomba ruhusa." Akakohoa. "Lilikuwa na kazi pale. Sasa kazi yake iko kwako."

Walikula sakafuni, kwa sababu meza ya kwenye picha nayo ilikuwa ya watu wengine. Umurerwa, yule wa funguo, aliwaletea chai na sahani, akakataa kukaa, kisha akakaa. Walicheka. Mama Nshobole alimlisha mjukuu wake sambaza mmoja mmoja, akamwogesha kwenye beseni lile la kutazamia ziwa, akamsuka. Kisha akamwogesha Aurélie miguu, mwanamke wa miaka thelathini na moja, na Aurélie akaacha aogeshwe. Hapakuwa na bustani, na kwa saa zile chache hakuna aliyeikumbuka.

Babu na mjukuu, kwa upande wao, walikuwa wamezoeana kwa njia ya ukaguzi. Fabiola alimwongoza chooni kumwonyesha kigae cha buluu kilichobanduka ukutani, na babu akapiga magoti akamweleza, kwa Kiswahili ambacho mtoto alielewa nusu, kwamba fundi wa kazi hii alikuwa na haraka. Mtoto alikiokota kipande kilichovunjika, akakiweka kwenye mfuko wa koti la harusi, akaupigapiga mfuko.

"Tiens, Papy," akasema. "Na hili linatafuta kazi."

Buhendwa alimgeukia Aurélie, aliyekuwa amesimama mlangoni. Aurélie alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Namusimuliaga," akasema. "Kila usiku anataka ile hadithi ya jiwe."

Saa nane gari la Kigali likapiga honi chini. Kuagana kwao hakusimuliki, na wenyewe hawasimulii.

Jumatatu asubuhi, Kamate alipofungua geti, alimkuta Muzee Buhendwa nje na ndoo ya simenti iliyochanganywa tayari. Alikuwa amevaa nguo za kazi. Alisafisha tundu, akalilowesha maji, akajaza, kisha akatoa kipande cha kigae cha buluu akakisukuma mahali pake kwa vidole gumba viwili, upande wa kushoto wa geti, akakishikilia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Muzee," Kamate akasema, "Mama Joviale atasema ukuta umeota kipele."

"Mwambie nyumba ile iliiba picha ya ukuta. Na ukuta umeiba kipande cha nyumba. Hatudaiane."

Akarudi nyuma hatua nne, akatoa simu, akapiga picha ya ukuta. Haikufanana tena na ile ya tangazo. Akaituma, bila neno, kwa kuwa hakujua kuandika kwa vidole vyenye simenti.

Jibu lilikuja akiwa bado anaosha ndoo. Nalo lilikuwa picha. Ilikuwa ndani ya ndege, dirisha pembeni, mkanda umefungwa. Fabiola alikuwa ameketi wima, uso ameukaza, mikono miwili imeshika kitu mapajani kilichofungwa kwenye kitambaa cha nyanya yake. Chini yake Aurélie alikuwa ameandika: *Amekataa mutu amusaidie kulibeba.*